Ukurasa Uliogandishwa kwa Uji

Gongoni, Tabora
4 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Usishtuke kupata barua, hakuna msiba. Simu nimeikatia tamaa. Mara ya mwisho ulisema "haloo" mara kumi na moja, mimi napiga kelele hadi wapangaji wenzangu wakatoka nje kuona nani anapigwa, halafu ukakata. Meseji nazo unasema zimeandikwa kwa sisimizi. Basi nimerudi kwenye kalamu. Barua hii anakuletea Omari, konda wa basi la Kaliua. Jibu lako mpe yeye huyo huyo.

Mimi na Elieth tumehamia huku Gongoni, vyumba viwili na kibaraza. Katika kupanga vitu nikafungua lile sanduku la bati ulilonipa nilipoolewa. Chini kabisa, chini ya vitenge, nakuta nini? Kishindo! Kitabu changu, baba! Jalada halipo tena, lakini Kishindo mwenyewe yupo, punda mdogo wa msafara, sikio moja limelala, amepotezana na mama yake njiani. Nilikaa chini sakafuni nikalia kama mtoto. Nilikumbuka ulivyokuwa unarudi kutoka stesheni vidole vimejaa wino wa mihuri, unakaa pale mlangoni pa kota ya reli, unanisomea kabla ya chakula. Mama alikuwa ameshatuacha, nami nina miaka sita. Watoto wengine walikuwa na mama, mimi nilikuwa na wewe na Kishindo, na nilikuwa naona inatosha.

Sasa namsomea Elieth akitoka shule. Ana miaka mitano na ana maswali ya hakimu. Kishindo anapomuuliza kanga, "Umemwona mama yangu?" Elieth anajibu kabla ya kanga. Tukafika pale kwa mzee mpagazi aliyebaki kambini, nikamalizia kama ulivyokuwa unamalizia wewe: "Kishindo akakaa kwa mzee, akanywa maji, akalala. Basi." Elieth akasema, "Siyo basi. Kuna karatasi nyingine."

Kweli ipo. Kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimegandishwa pamoja, na mende wamekula gundi yote kwa miaka hii, zikaachana zenyewe. Gundi yenyewe ukiikwangua ni unga mweupe, nadhani uji wa muhogo. Ndani yake mama yake Kishindo anarudi! Amesimama na kengele yake shingoni, anasema, "Nilirudi nyuma kambi kwa kambi nikikutafuta." Baba, miaka thelathini mimi sijui kwamba kitabu kile kinaisha vizuri! Nani alizigandisha? Na kwa nini?

La mwisho. Nestory alikuja Jumamosi, eti anataka kumwona mwanawe. Mwaka mzima yuko Mpanda hana habari na sisi, leo anakuja na mfuko wa machungwa. Nilimwambia Elieth yuko kwako Kaliua. Alikuwa chumbani anachora. Najua wewe utanielewa, maana wewe uliachwa kama mimi.

Elieth anasema shikamoo babu, na anauliza utamwoa lini.

Mwanao,
Eustadia


Kaliua
13 Februari 2024

Mwanangu Eustadia,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 4 nimeipokea tarehe 8 kwa mkono wa Omari, ambaye alinifokea sikioni kana kwamba mimi ni treni. Nimeisoma yote. Mwandiko wako bado unalala kushoto.

Mimi ni mzima isipokuwa masikio. La kulia limefunga ofisi, la kushoto linafungua asubuhi tu. Masanja jirani yangu amenunua daftari la kuniandikia anachotaka kusema, na ameanza kuniandikia hata mambo asiyokuwa na haja ya kusema. Mwambie mchumba wangu Elieth mahari naandaa, asikubali vijana wa Tabora.

Kuhusu kitabu. Niligandisha mimi. Ulikuwa ukifika ukurasa ule unatoka mbio kwenda relini kungoja treni ya kutoka Tabora. Siku moja mtu wa mabehewa alikudaka fulana ukiwa hatua mbili kutoka kwenye reli. Nikaona heri kitabu kiishe mapema kuliko wewe. Nilipika uji mzito nikapaka. Ni hivyo tu. Endelea kumsomea mtoto kama nilivyokusomea, huo mwisho mwingine ni wa kuwapa watoto homa.

Habari ya Nestory siijui, sina la kusema.

Mvua imenyesha vizuri. Karanga zinatoka.

Baba yako,
Wilbroad Lugembe


Gongoni, Tabora
20 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Asante kwa kuniepusha na treni. Sikumbuki kabisa kukimbilia relini. Nakumbuka tu kusimama mlangoni nikihesabu mabehewa. Masikini, kumbe nilikuwa nangoja.

Lakini nimeshachelewa, mwisho ule nilishamsomea Elieth. Sasa hataki mwingine. Akimaliza anakwenda kukaa kwenye ngazi ya kibaraza, mikono mashavuni, anaangalia barabara. Nikamuuliza unangoja nini, akanijibu bila kugeuka, "Baba yuko kambi gani sasa?" Nilirudi ndani nikachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Na Nestory naye, unajua alikuja tena? Jumamosi hii hii, safari hii na viatu vya shule, vya ngozi, namba siyo yake hata, vikubwa. Elieth alikuwa nyumba ya pili anasukwa. Niliona akimwona tu, yule mtoto hatalala wiki nzima, na baba mtu atapotea tena mwaka mwingine. Nikatoka getini nikamwambia neno moja: "Mtoto ameshakusahau. Usimchanganye." Akaweka viatu chini, akaondoka. Hakugombana hata. Nilitaka agombane.

Nilifanya vizuri, si ndiyo? Wewe ulinilea peke yako na sikukosa kitu. Nami nitaweza. Niambie kwamba nitaweza, kwa sababu hapa sina wa kuniambia. Nyumba nzima hii ni kelele za redio za watu wengine.

Viatu nimeviweka juu ya kabati.

Eustadia


Gongoni, Tabora
15 Machi 2024

Baba,

Wiki tatu sasa. Omari anaapa kwamba barua alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisoma umesimama, kisha ukaingia ndani ukafunga mlango bila kumuaga. Unaumwa? Kama nimekukosea sema. Kama ni kalamu imeisha nitakuletea boksi zima.

Eustadia


Kaliua
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Mwanangu Eustadia,

Siumwi. Nimeandika barua hii mara nne, tatu nimewashia moto wa chai.

Yale maneno uliyomwambia Nestory getini, "Mtoto ameshakusahau, usimchanganye," nataka nikuambie nani aliyatumia kabla yako. Ni mimi. Neno kwa neno. Nilipoyaona katika mwandiko wako nilidhani kuna mtu amekusimulia. Kisha nikajua hakuna, maana walioyasikia maneno yale ni watu wawili tu.

Mama yako hakutuacha. Mwaka 1994, mwezi wa tano, alipata habari kwamba mama yake mzazi yuko hoi huko Ziba. Akaniomba ruhusa aende akamuuguze. Nilikataa. Ilikuwa wakati wa mavuno, nyumba ina kazi, na mimi nilikuwa mtu wa kusema neno moja na likawa hilo hilo. Nikamwambia, "Ukitoka humu usirudi." Akatoka. Alikuachia kile kitabu, alikuwa amekununulia yeye Tabora mjini, na alikuwa anakusomea mpaka mwisho. Wewe ulikuwa unajua mwisho ule, mwanangu. Ndiyo maana ulikuwa unakimbilia relini.

Nilikuambia ameolewa kwingine. Ulikuwa uongo.

Alikaa huko miezi minne, akamuuguza mama yake, akamzika. Kisha akarudi. Ilikuwa Alhamisi, treni ya saa tisa alasiri ilichelewa dakika arobaini. Mimi nilikuwa kazini, nimevaa sare, nina karatasi za mizigo mkononi. Alishuka na mfuko wa ukindu, kuku mmoja na gauni la kitoto la buluu alilokushonea. Alinisalimu kwa kupiga magoti pale pale jukwaani, watu wanaona. Na wewe ulikuwa kota, hatua mia mbili, unacheza na maji.

Nilimwambia ng'ombe wa mahari walishatoka, mtoto ni wa ukoo wetu, na mtoto ameshakusahau, usimchanganye. Akaniuliza, "Amenisahau kweli, Wilbroad?" Nikasema ndiyo. Wewe uliyekuwa unakimbilia treni kila siku! Alikaa kwenye benchi mpaka treni ya kurudi. Hakuna aliyempa hata maji, na mimi nilipita mbele yake mara sita na karatasi zangu.

Jioni ile ulileta kitabu. Nilisoma mpaka kwa mzee mpagazi, nikageuza, nikakuta yule mama na kengele yake. Sauti haikutoka. Kesho yake ndipo nilipopika uji. La wewe kudakwa fulana ni kweli, lilitokea, lakini lilitokea mwezi uliotangulia, na siku hiyo sikugandisha kitu. Niligandisha kwa ajili yangu.

Nimeungama kwa mapadri wengi dhambi nyingi ndogo. Hii sikuitaja. Niliona ni jambo la nyumbani.

Mama yako yuko hai. Yuko Ziba, kwa kaka yake, ana cherehani pale sokoni. Nimejua muda wote. Hakuolewa.

Viatu vitoe juu ya kabati, Eustadia. Mimi si wa kukufundisha, lakini vitoe.

Baba yako,
Wilbroad Lugembe


Kaliua
28 Aprili 2024

Mwanangu,

Omari anasema hukumpa kitu. Nimemwambia awe anapita tu kuuliza, hasara hakuna.

Pasaka nilichinja jogoo nikidhani labda mtakuja. Tulikula mimi na Masanja.

Baba


Gongoni, Tabora
2 Juni 2024

Baba,

Shikamoo nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena. Shikamoo.

Miezi miwili nilikuwa sitaki kuona hata mwandiko wako. Nilikuwa naona hasira na sina wa kumpelekea. Nimekuita majina hapa ndani peke yangu ambayo sitayaandika. Miaka thelathini, baba! Nimeolewa bila mama. Nimejifungua bila mama, nikafundishwa kumwogesha mtoto na muuguzi asiyenijua jina. Na yeye alikuwa Ziba anashona. Umbali wa nauli ya kwenda na kurudi.

Wiki iliyopita nilimchukua Elieth tukaenda. Tulibadili gari Nzega. Sikumpa habari kabla, niliogopa akinikataa nitajua nimekataliwa kwa haki. Pale sokoni mafundi cherehani wako watano, na sikuhitaji kuuliza, maana mmoja alikuwa na paji la uso langu. Nikasimama mbele yake kama mteja. Nikasema, "Shikamoo mama, mimi ni Eustadia wa Kaliua." Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukafika mwisho, akakata uzi kwa meno. Kisha akaniuliza kama tumekula.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, hadi yule fundi wa jirani akanipa kiti. Yeye alimshika Elieth kidevu, akamgeuza huku na huku, akasema, "Huyu atakuwa mrefu." Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa ukimya ule. Kuna kitu kimekauka pale, baba, na sikukikausha mimi, lakini mimi ndiye niliyekikuta.

Nilimuuliza habari ya gauni la buluu. Akasema alimpa mtoto wa jirani, kwa nini nguo iharibike bure. Yeye aliniuliza jambo moja tu la Kaliua: lile benchi bado lipo?

Baadaye, nyumbani kwa mjomba, Elieth akatoa kitabu kwenye mkoba wake akampandia mapajani bila kukaribishwa. Mama akakifungua. Hakuhitaji hata kusoma, anakijua kwa moyo, kanga, kobe, nyuki, wote. Alipofika kwa mzee mpagazi mimi nikasogea karibu. Nilitaka amseme. Akaweka kidole juu ya yule mzee, akamwambia Elieth, "Huyu alimpa maji. Usimsahau, alimpa maji." Nimekuandikia hivyo alivyosema, sikuongeza wala kupunguza.

Akageuza. Akaanza, "Nilirudi nyuma kambi kwa kambi," akaishia hapo. Midomo ilikuwa inakwenda lakini hakuna kitu. Elieth akamngojea, akamtazama, kisha akammalizia yeye mwenyewe, kwa sauti yake ya shule: "Nikikutafuta!" Mama akafunga kitabu, akasema macho yanamsumbua siku hizi, akatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Nestory anakuja kila Jumamosi. Hatujarudiana, usianze kufurahi. Anakaa kibarazani na mtoto wake, wanakula machungwa, saa kumi na moja anaondoka. Viatu vimeshamkaa, mguu umekua.

Sasa wewe. Sijui kama nimekusamehe. Nikiamka asubuhi nadhani nimekusamehe, nikiwa naosha vyombo naona bado. Usiniombe radhi tena kwa barua, sitaki. Nimempa Omari kitabu akuletee. Nataka usome ukurasa ule wa mwisho, kwa sauti, mpaka mwisho, kama ulivyotakiwa kunisomea siku ile. Usiusome kwa macho. Ukishasoma, niandikie kwamba umesoma.

Na kitabu ukirudishe. Ni cha Elieth.

Eustadia


Kaliua
11 Juni 2024

Mwanangu Eustadia,

Marahaba.

Nimesoma.

Kitabu kilifika Jumamosi. Nilikiweka mezani siku tatu nikawa nakula nikiwa nimekipa mgongo. Leo saa tisa alasiri nimevaa shati safi, nikaweka kiti mlangoni kama zamani, nikakifungua mwanzo. Sikutaka kurukia mwisho, ingekuwa ujanja. Nikamsoma kanga, kobe, nyuki. Nikafika kwa mzee mpagazi, na pale nikakaa kidogo, kwa ajili ya ulichoniandikia kwamba mama yako alisema. Sikustahili, lakini nimekipokea.

Kisha nikageuza. Karatasi bado ina unga kidogo pembeni, ulinibaki vidoleni. Nikasoma: "Nilirudi nyuma kambi kwa kambi nikikutafuta." Shida ni kwamba sikuisikia sauti yangu. Nikawa sina hakika kama nimesoma au nimetikisa midomo tu. Wewe ulisema kwa sauti. Basi nikasoma tena kwa nguvu, bado sikusikia, nikasoma tena kwa nguvu zaidi. Sijui nimesoma mara ngapi. Koo linaniuma mpaka sasa hivi ninapoandika.

Benchi walilitoa walipokarabati stesheni. Nilikwenda kuangalia jana ili nisikudanganye. Mwambie mama yako, kama atataka kujua. Kama hataki, usimwambie.

Kitabu nimekifunga kwenye gazeti, Omari anacho. Sikugandisha kitu.

Nilipomaliza kusoma, Masanja alikuja mbio kutoka kwake, nguo ya kazi haijavuliwa, akachukua daftari letu akaniandikia: "Mzee, umepata wageni? Nasikia kuna mtoto anasomewa."

Nikamwambia hapana, niko peke yangu.

Baba yako,
Wilbroad